Kikinga uso cha Sitti: nilikitengeneza vizuri mno mpaka mwenyewe akakikataa

Wakuu, habari za mchana.

Kosa langu la mapema kabisa nikiwa Saudia halikuwa la barabarani, ingawa nilienda kule kama dereva. Niliziba kibonyeo kidogo kwenye kitu cha watu, kibonyeo ambacho hakuna aliyeniomba nizibe. Kilitosha kidole gumba tu. Kwa sababu yake mama mmoja wa Msambweni alikosa harusi ya binti yake.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kweli, hata yale yanayoniaibisha.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Voi, kwa hivyo ndugu wa Bongo mkiona Kiswahili kimepinda mahali, mnivumilie. Huu uzi nimeuandika, nikaufuta, nikauandika tena. Hiyo tabia ya kurudia rudia ndiyo yenyewe iliyonifikisha huko.

Twende.

Ilikuwa miaka ile kila mtaa ulikuwa na wakala wa Saudia. Mimi niliahidiwa udereva wa kampuni. Kufika Riyadh nikajikuta house driver, nyumba moja pale Al-Suwaidi, na chumba changu kando ya gate. Sikulalamika sana. Bosi alikuwa mtu wa maneno machache, madam alikuwa na kelele lakini si mbaya.

Asiyejua kazi ya house driver nimwambie: ni kungoja. Unapeleka watoto shule, unangoja. Unapeleka madam dukani, unangoja. Miaka hiyo wanawake kule walikuwa hawajaruhusiwa kuendesha, kwa hivyo madam akitaka hata sindano, ni yalla, dereva, toa gari.

Na mimi kungoja kunaniumiza. Kichwa changu kikikaa bure kinaanza kutafuta makosa. Nikiosha gari narudia vioo mpaka kitambaa kinalia. Nikipark na tairi halijanyooka, naweza kuwa kitandani na bado naliona. Wengine wanaita usafi. Mimi naita stress.

Sasa madam alikuwa anapenda vitu vya kale. Kuna soko la mitumba nilikuwa nampeleka, na kila mara alirudi na kitu cheusi kinachong'aa: trei, kikasha, sahani ya kutundika ukutani, vyote vimechorwa maua ya dhahabu na kupachikwa vipande vya ganda la chaza vinavyometameta.

Nilidhani ni mbao. Siku moja trei ikaanguka kona ikavunjika, nikaona ndani ni karatasi.

Wakuu, karatasi. Wazungu wa zamani walikuwa wanabandika karatasi tabaka juu ya tabaka kwa gundi, wanaibana, wanaikausha, halafu wanaipaka rangi nyeusi na vanishi mpaka unaweza kujitazama. Ukiigonga kwa ukucha inalia kama kibuyu kitupu.

Madam alitaka kuitupa ile trei. Nikamwomba.

Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na simu, video za watu ambao lugha yao sikuielewa, tissue za jikoni na gundi ya mbao. Kona ya kwanza ilipasuka. Ya pili ikaota ukungu. Nikaendelea mpaka nikapata moja ambayo hata mimi, nikiipitisha kidole, sikujua mpya inaanzia wapi.

Madam aliiweka mezani wageni walipokuja. Nilimsikia kutoka nje akisema, "Huyo ni dereva wangu aliyefanya hivyo."

Hiyo sifa iliniharibu.

Nije Jeddah sasa.

Mama yake bosi aliishi Al-Safa. Wajukuu walimwita Sitti, yaani bibi, na sisi wafanyakazi tukamwita hivyo hivyo. Shule zikifungwa, familia nzima ilihamia kwake. Sitti alikuwa mzee sana na macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga wa dirisha, aliona mtu akipita kama kivuli, basi.

Aliyemtunza ni Dada Rukia, wa Msambweni. Mama wa makamo, mtu wa utani. Siku ya kwanza aliponiona nikifuta rim za gari kwa mswaki alisimama mlangoni akaniambia, "Kakangu, hilo gari likimaliza kuoga utalivisha na chupi?"

Tukawa marafiki hapo.

Sitti naye alikuwa na vitu vya karatasi, tena vizuri kuliko vya madam. Marehemu mumewe alikuwa akivileta kutoka safari zake. Kile alichokipenda zaidi kilikuwa kikinga uso. Ni bapa jembamba lenye umbo kama ngao, ndege wawili wamechorwa, na mpini mrefu wa mbao wa kushikia. Nilisoma baadaye kwamba wanawake wa Ulaya walikuwa wakikaa karibu na moto wa nyumbani wanakishika mbele ya uso, joto lisiwaunguze mashavu.

Unacheka, Jeddah na moto wa nini? Hata mimi nilicheka. Lakini Sitti alikuwa na matumizi yake. Kila baada ya asr, sala ya alasiri, Rukia alileta chetezo cha udi, Sitti anajifukiza nguo, na kikinga anakiweka mbele ya uso moshi usimwingie machoni. Akimaliza anabaki amekishika tu, amekilaza pajani, kidole gumba kimetulia mahali pamoja.

Nilimwona hivyo mara nyingi. Sikujiuliza kidole kimetulia wapi.

Sasa mkaa wa udi wakati mwingine unakataa kushika. Na mtu wa pwani akiona mkaa umelala na karibu kuna kitu bapa chenye mpini, mikono yake inajua la kufanya. Rukia alikichukua kikinga akapepea, kama anavyopepea jiko kwao. Si mara moja. Kilikuwa kipepeo chake cha kila siku, na Sitti alijua, alikuwa akimkaripia huku anacheka.

Mpini ukalegea. Siku moja ukachomoka kabisa.

Rukia hakuficha. Alienda kwa madam akasema. Madam akaniita, akanipa vipande viwili vimefungwa kwenye taulo, akasema nitengeneze Riyadh kwenye vifaa vyangu, na Sitti ataambiwa kimepelekwa kusafishwa. "Mpini tu," aliniambia.

Mpini tu. Wakuu, kazi niliyopewa ilikuwa hiyo.

Rukia alinisindikiza mpaka kwenye gari. Contract yake ilikuwa imeisha, exit, yaani ruhusa ya kutoka nchini, inangoja tu bosi aithibitishe, na binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa mfungo sita. Alikuwa ameshanunua nguo za kuvaa, amezipanga kwenye sanduku akazifungua kunionyesha, akazipanga tena. "Kakangu, fanya upesi kirudi kabla sijaondoka. Sitaki kumwachia mzee wa watu deni la moyo."

Kule Riyadh mpini ulinichukua kazi ndogo tu. Ukakaa imara.

Lakini nikakigeuza kwenye mwanga, nikaona. Chini kidogo ya ndege wa kushoto, karibu na mpini, palikuwa na kibonyeo cha mviringo. Palikuwa pameungua zamani. Kingo zake zilikuwa zimesagika laini, zinang'aa kuliko vanishi yenyewe.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mahali palipoungua panang'aa hivyo. Mimi niliona doa.

Nikajaribu kukiacha. Nilikifunga kwenye taulo nikakiweka juu ya kabati. Nikakishusha. Nikajiambia nitapangusa tu. Kisha nikaloweka tissue, nikachanganya na gundi na unga wa chaki, nikajaza. Nikapiga msasa laini, nikajaza tena, nikapiga tena. Nikapaka nyeusi. Juu yake nikachora jani moja dogo la dhahabu, lifanane na yale mengine.

Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikapiga picha. Mimi huwa napiga picha kazi ikiisha tu, kwa sababu kitu kilichovunjika nikikitazama kwenye simu kinanikera. Kwa hivyo hakuna picha hata moja ya kabla.

Bosi alikuwa anaenda Jeddah kwa ndege kikazi, akakibeba.

Samahani wakuu, niliitwa mahali. Naendelea.

Rukia alinipigia simu. Nilipoona jina lake nilijua ni shukrani, nikatulia nizisikie vizuri.

"Kakangu, wewe umefanya nini?"

"Kwani rangi imekosea?"

"Rangi ataiona kwa macho gani? Kakishika, kakipapasa, kakiweka chini. Anasema si chake."

"Mpini umepinda?"

"Wacha mpini! Anasema kidole chake hakina pa kukaa. Anasema nimeuza chake, nikaleta cha sokoni."

Wakuu, nilielewa hapo hapo. Nilikuwa nimesimama kando ya gari. Nilimwona Sitti akilini, kikinga pajani, gumba limetulia.

Nikamwambia Rukia, "Mwambie ni kile kile, nimekisafisha tu."

Ni hilo tu nililosema. Sikusema nimeziba kitu. Yeye Rukia hakujua habari ya kibonyeo, alijua mpini. Madam pia hakujua. Duniani tulikuwa wawili tunaojua pale palikuwa na nini, mimi na mzee asiyeona.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza sana. Niliogopa kufungwa, niliogopa ikama, kibali changu cha kuishi kule, kuchukuliwa. Hizo ni sababu za kweli na mtu yeyote aliyekaa kule anazijua. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine ambayo ni aibu kuiandika. Njia ya kuthibitisha ilikuwa moja: kukwangua. Na ile kazi sikutaka kuikwangua.

Ijumaa nilienda Al-Shumaisi kwa rafiki yangu Kyalo, mlinzi, Mkamba. Tulikuwa tunapika ugali pale na wenzetu. Nikamweleza. Akanitazama huku anageuza sufuria.

"Wewe wamekutaja?"

"Hapana. Madam anasema dereva wake hawezi kuiba."

"Basi una shida gani? Kaa na hiyo heshima yako, kula ugali."

"Na Rukia?"

"Rukia ni Mwislamu mwenzao, atatolewa tu. Wazee wanasahau. Wiki ijayo atakuwa anatafuta meno yake."

Wote walicheka. Nami nikacheka, na nikala.

Sitti hakusahau. Bosi aliposikia mama yake analia alisema exit ya Rukia isimame mpaka kitu kirudi. Hakupiga mtu, hakutukana. Alisema tu isimame. Halafu akarudi Riyadh kwenye shughuli zake, na mimi nikawa namwendesha kila siku, uso wake uko kwenye kioo changu, na sisemi.

Kila asubuhi nilijiambia, leo. Nilikuwa napanga sentensi za Kiarabu kichwani, narekebisha neno hili, naondoa lile. Nilitaka niiseme bila kosa. Siku inaisha bado narekebisha.

Harusi ya Msambweni ikapita hivyo.

Baada ya hapo bosi akaamua kwenda Jeddah kulimaliza jambo, akataka twende kwa gari. Safari nzima nilikuwa na nafasi. Karibu na Makka tulizunguka ile barabara ya nje tunayopitishwa sisi tusio Waislamu. Bosi akasema pole, njia imekuwa ndefu kwa ajili yako. Hata hapo sikusema. Nilisema tu, "Mafi mushkila, bosi." Hakuna shida.

Tulikaa majlis, sebule ya wageni, baada ya asr. Sitti kwenye kiti chake, madam kando, kikinga juu ya meza ndogo. Hakukuwa na udi. Rukia alisimama karibu na mlango. Alikuwa amekonda na hakunitania.

Bosi alimuuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Niambie umemuuzia nani. Nitakinunua tena, nawe utaenda kwenu. Halas."

Rukia akasema, "Baba, nikikutajia jina la uongo nitakwenda kwetu leo. Sina jina."

Nikasema, "Ni mimi."

Sentensi zote nilizopanga zilipotea. Nilisema kwa Kiarabu cha jikoni kwamba kitu ni kile kile, kwamba palikuwa na mahali pameungua, nikaziba, hakuna aliyenituma. Madam aliniambia ninyamaze, alidhani najitoa kwa ajili ya mwenzangu. Bosi akakichukua kikinga akakitazama kwa karibu, akakiinamisha kwenye dirisha. Hakuona kitu. Nilikuwa nimeficha vizuri.

"Onyesha," akasema.

Rukia alileta maji ya vuguvugu na pamba. Nikaketi sakafuni mbele ya Sitti. Nilibandika pamba juu ya lile jani la dhahabu nikangoja gundi ilainike, halafu nikaanza kutoa kidogo kidogo kwa kijiti cha meno. Jani likatoka. Rangi ikatoka. Ule uji wa tissue ukaanza kuja vipande vipande, nami nikapunguza mwendo, kwa sababu karatasi ya zamani nayo ikilowa inakuja. Ningechimba zaidi kidogo ningetengeneza shimo jipya, na shimo jipya lisingemsaidia Rukia.

Nilipoona weusi wa kuungua niliacha. Nikapangusa, nikakiweka kwenye mikono ya Sitti.

Alikipapasa kuanzia kwenye mpini. Gumba likapanda, likafika, likaingia. Akapasugua kidogo.

"Hapa Salim aliweka kaa la moto," akasema. "Alikuwa anataka kuwapa ndege chakula."

Bosi akauliza, "Salim gani, yumma?"

"Kaka yako. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Hakufika hata umri wa shule."

Bosi hakuwa akijua kwamba aliwahi kuwa na kaka. Niliona uso wake. Akageuka upande wa dirisha.

Sitti akasugua tena pale, taratibu, akakunja uso. "Ni chake. Lakini mbona kinakwaruza?"

Zile kingo laini wakuu, hazikuwa kazi ya fundi yeyote. Gumba lake ndilo lililozilainisha, miaka yote hiyo. Mimi nilizimaliza kwa msasa chumbani kwangu huku nasikiliza redio. Hakuna video inayofundisha kurudisha kitu kama hicho.

Alikiweka mezani. Akamwita Rukia, akampapasa uso, akamwomba radhi. Mimi hakunisemesha, na hakunitukana pia.

Tulikaa Jeddah siku kadhaa zaidi. Udi uliletwa tena. Kikinga kilikaa mezani, na Sitti alifumba macho tu moshi ulipomjia.

Exit ya Rukia ilithibitishwa. Nilimpeleka mimi uwanja wa ndege. Alikaa nyuma na mkoba wake. Tukiwa kwenye taa akanipa simu yake.

Ilikuwa video ya harusi. Akinamama wanaimba, binti amekaa amejaa hina, na pembeni yake mwanamke mnene anapunga leso.

"Huyo aliyekaa hapo ni wifi yangu," akasema. "Kiti ni changu."

Nikasema, "Dada, nisamehe. Nilijua tangu siku ile uliponipigia."

"Najua ulijua. Uliuliza rangi, halafu ukanyamaza. Wewe hujawahi kunyamaza ukiambiwa kitu chako kina kasoro."

Taa ikawaka kijani, wa nyuma wakapiga honi.

"Una hasira nami?"

"Nilikuwa nazo. Nimechoka kuzibeba, nina mizigo mingine." Akachukua simu yake. "Endesha, kakangu. Nisikose na ndege."

Alipoingia ndani alinipungia mkono, lakini hakugeuka mara ya pili.

Mimi nilimaliza contract yangu nikarudi. Sitti nilisikia amefariki, na sijui kikinga kiko kwa nani. Rukia alibadilisha namba. Nimewahi kupita Msambweni, nikafika mpaka stendi, nikanunua soda, nikarudi Mombasa.

Nilichojifunza wakuu ni kwamba si kila kitu kilichoharibika kinahitaji fundi, na ukikosea, sema siku hiyo hiyo hata kwa lugha iliyovunjika. Maneno yangu mabovu siku ya kwanza yangemfikisha mtu harusini.

Kwa waliowahi kufanya kazi majumbani, Riyadh, Jeddah au kwingine, ningependa kusikia: mlishawahi kunyamaza mkaona mwenzenu anabeba? Na yupo aliyesema mapema, ikawaje? Hata mwenye maneno makali aandike tu, nitasoma yote.

Siku hizi nina kibanda Voi, narekebisha viti, masanduku na fremu za picha. Kabla sijafungua gundi namwambia mwenye kitu akishike kwanza kama anavyokishika kwake, anionyeshe mikono yake inakaa wapi. Hapo pakishaonyeshwa, naweka alama ya chaki, na sipagusi.